Mtungi Nimeusugua Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimefika! Nchi ya watu, kilima cha watu, begi mgongoni kama konokono. Kilo ishirini na mbili. Suti mbili, henga nne, mwavuli, pasi. Pasi imekataa kuingia kwenye soketi za huku. Matundu yao yamekaa upande. Sijalaumu mtu.

Ni nyumba ya wageni, vyumba sita, bustani nyuma. Mkataba ni mwepesi: unafanya kazi saa tano kwa siku, unapewa kitanda na milo mitatu. Ukimaliza saa zako, unatembea ukishangaa nchi. Mpwa wangu ndiye aliyenijazia fomu kwenye simu. Alipofika penye ujuzi nikamwambia andika mwokaji mikate. Akaguna. Akauliza, Mjomba, lini uliwahi kuoka? Nikamkumbusha wale askari mia tatu niliowalisha kwa tanuri moja, mkate ukaumuka mpaka ukainua bati la jiko. Akasema mwaka jana hadithi hiyo ilikuwa ya uji. Watoto wa siku hizi hawana kumbukumbu!

Aliyenichoma ni shemeji, mume wa dada yangu. Mbele ya ukoo mzima akasema wiki haiishi, nitarudi nimefyata mkia. Wakacheka mpaka wazee. Nimeapa sirudi kabla ya tiketi yangu, nayo ni ya mwisho wa mwezi. Nikifukuzwa hapa, sina pa kulaza ubavu zaidi ya benchi la stendi.

Mwenye nyumba tunamwita Mama Mwenyeji. Mpole, ila jicho lake linapima kama mizani. Kasema wiki ya kwanza ni ya majaribio. Jumapili baada ya chakula cha mchana ataamua nani abaki na nani afunge begi.

Naam, nani. Kumbe siko peke yangu. Yupo nesi mstaafu, kapita sitini, anazunguka dunia na kibegi kama cha mtoto wa shule. Kapewa chumba chenye dirisha la bustani. Mimi nimepewa kilichopakana na mashine ya kufulia. Ikianza kukamua nguo, kitanda kinatembea. Nimelala ukutani, nimeamka mlangoni.

Nimeliandikia kundi la ukoo: nimepokewa vizuri, nimepewa umeneja wa mikate.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kutandika vitanda. Shuka zao zina lastiki pembeni. Unavuta kona hii, ile inafyatuka inakuchapa usoni. Huu ni uhasama, si shuka! Nesi katandika vitanda vinane. Mimi kimoja, nami nilikuwa ndani yake.

Baadaye Mama Mwenyeji akatuita jikoni. Akasema hamira ya nyumba imo kwenye mtungi wa kioo pale rafuni, niiangalie kama mtoto, niilishe kila asubuhi. Akaanza kusimulia habari ndefu, mara marehemu mama yake, mara safari. Sikuisikia yote. Nilikuwa namweleza Nesi habari za wale askari mia tatu. Isitoshe, mwokaji hafundishwi mkate. Hamira naijua mimi: ni punje kavu za pakiti. Niliitikia kwa kichwa, polepole, kama daktari.

Jiko nimekabidhiwa mimi! Nesi kapewa bustani. Kanuna? Hakununa. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jambo la siri. Nilipogeuka mlangoni nilimwona Nesi ameinama rafuni na kijiko, anachota kitu, anatia kwenye chupa ndogo ya dawa. Kisha akaificha kwenye friji nyuma ya maziwa. Mwizi! Tena kwa sura ile ya sala. Sijasema. Silaha haitolewi alani siku ya kwanza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimeamka na nguvu. Nikaenda kuangalia hamira. Nikafunua mtungi. Yallah! Ndani uji mzito wa kijivu, unatoa mapovu, unanuka soksi za mgambo. Nikajisemea, aliyenitangulia jikoni alikuwa mvivu wa kupigiwa mfano. La kuvunda halina ubani. Nikaumwaga wote. Nikausugua mtungi kwa maji moto, sabuni, mchanga na limau. Dakika arobaini. Nikaupindua dirishani ukauke. Uling'aa mpaka ndege alijigonga kwenye kioo.

Nikasubiri kusifiwa.

Akaja Nesi kuchukua maji. Akautazama mtungi. Akavuta kiti akakaa. Akaniuliza kwa sauti ya wodini, kaka yangu, vilivyokuwamo viko wapi? Nikamwonyesha bomba. Akasema ile ndiyo hamira yenyewe. Kwamba ni chachu hai, ina miaka arobaini, marehemu mama wa Mama Mwenyeji aliihamisha kwa miguu kutoka nyumba yao ya zamani akiwa ameifunga kitambaani kifuani, na kila mkate wa nyumba hii umetoka humo. Ndicho kitu pekee cha mama yake kilichobaki hai.

Nikamwambia miaka arobaini, ndiyo maana ulikuwa mchafu.

Hakucheka. Kaniambia maji yakimwagika hayazoleki, lakini mdomo unaweza kuomba radhi. Nimwambie mwenyewe, leo hii. Nikishamwambia niende kwake, huenda ana dawa. Dawa! Mimi naumwa wapi? Manesi wakistaafu bado wanatafuta wagonjwa.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Mama Mwenyeji. Alikuwa anaimba. Nikamuuliza kama mvua hunyesha sana huku.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mikate huokwa Ijumaa tu. Basi nina siku moja. Kwa mtu wa akili ni nyingi.

Nimenunua hamira dukani, pakiti tatu. Nikachanganya na unga, maji ya uvuguvugu na sukari vijiko vitano ili ipate moyo. Ilikuwa nyeupe mno, nikatia majivu kidogo kuizeesha. Miaka arobaini kwa dakika kumi! Nikaimimina mtungini, nikaacha kile kitambaa cha kuufunikia, nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote ili harufu ya upya isitoke. Nikaiweka karibu na jiko ipate joto.

Nesi kapita, kaniuliza kama nimeshasema. Nikamjibu mambo yako njiani. Kanitazama kama jipu linaloiva.

Shemeji kaandika kwenye kundi: bado siku tatu. Huyu hana kazi?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siandiki kwa raha.

Kifungua kinywa. Wageni wanne mezani, pamoja na bwana mmoja mwenye miwani. Mama Mwenyeji akauleta mtungi mwenyewe, ameukumbatia huku akiwasimulia wageni habari za marehemu mama yake. Akafika pale pa kitambaa kifuani. Mgeni mmoja akaanza kufuta machozi. Mama akagusa kifuniko.

Paaa!

Kifuniko kiligonga taa. Unga ulimwenea bwana wa miwani mpaka akauliza nani kazima. Nywele za Mama Mwenyeji zilijaa povu. Akalichukua povu kwa kidole, akaonja. Akasema, polepole, sukari. Mama yangu hakuwahi kutia sukari.

Nilieleza kwamba ni habari ya mwinuko wa kilima. Nikaona saa ya silaha yangu ndiyo hiyo. Nikasimama, nikamnyooshea Nesi kidole, nikasema kama mnatafuta mwenye makosa, muulizeni huyu ameficha nini kwenye friji nyuma ya maziwa tangu Jumanne!

Nesi akainuka. Akarudi na chupa ya dawa. Akasema ni kweli, alichota kijiko kimoja bila ruhusa, alitaka kuomba siku ya kuondoka, na sasa anaomba radhi. Kisha akasema ameilisha kila siku. Akafungua. Ule uji wa kijivu! Unatoa mapovu! Zile soksi zilezile!

Mama Mwenyeji akaishika ile chupa kwa mikono miwili. Akalia. Akamkumbatia Nesi, povu na vyote. Hata bwana wa miwani alipiga makofi, ingawa alikuwa ameelekea ukutani.

Sasa naomba haki. Nani aliyeitaja ile chupa? Mimi! Nisingemtaja Nesi, chachu ingekufa nyuma ya maziwa. Niliwaeleza hivyo, pamoja na nilivyoumwaga ule uji Jumatano nikausugua mtungi. Mama Mwenyeji akajifuta povu. Akasema, Mjomba, si mtungi ulioniumiza, kilichoniumiza ni kunyamaza kwako siku mbili. Jikoni nisikanyage tena. Nibadilishane na Nesi, niende bustani. Kosa moja tena, begi langu nitalikuta mlangoni, Jumapili au si Jumapili.

Nesi akanikabidhi bustani. Akasema nimwagilie tu. Akasema mara ya kwanza nisiguse pipa la bluu. Mara ya pili nisiguse pipa la bluu. Mara ya tatu akaanza kueleza ndani mna nini na Mama Mwenyeji amelihifadhi tangu lini, nikamkatiza. Mkulima hafundishwi jembe. Nikamsimulia ule muhogo wangu mmoja uliolisha kata nzima, tuliung'oa kwa ng'ombe sita. Akaniacha nikiwa kwenye ng'ombe wa nne.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimemwagilia. Nimemwagilia tena. Mpira wa maji una tundu, suti ya kahawia imelowa. Nani kasema watu walime bila suti? Hakuna sheria hiyo.

Nimelitumia kundi picha yangu, chini nikaandika: nimehamishiwa kilimo, cheo kimepanda. Mpwa wangu kauliza mbona kwenye picha nina unga masikioni. Shemeji kaandika: bado siku moja. Nimezima simu. Nimewasha. Kaweka na picha ya mkia.

Kutoka jikoni inakuja harufu ya mkate, ule wa jana umeokwa leo. Nesi kaniletea kipande dirishani, cha moto. Sikutaka kukila. Nimekula vitatu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku ya hukumu! Nimekuwa macho tangu alfajiri. Mama Mwenyeji atakuja kukagua bustani baada ya chakula. Miche yote nimeinywesha, njia nimefagia, majani yaliyokauka nimeyachuma. Kila kitu safi. Isipokuwa kimoja.

Nimelitazama lile pipa. Nikawaza kiume. Kwa nini Nesi alikazana vile nisiliguse? Jibu ni rahisi kwa mtu aliyesoma mpaka darasa la saba, na la saba nikalirudia kwa kulipenda. Anaficha uvivu wake! Siku tatu alizokaa bustanini hakulisafisha, hataki nionekane nimemzidi. Nikafunua. Yallah! Majani yaliyooza, samadi, maji meusi kama usiku wa madeni, mapovu juu. Miezi mitatu hayajaguswa, kwa harufu tu nimejua. Na mama yule mpole anapita hapa kila siku akinusa hayo!

La kuvunda halina ubani.

Nimelimwaga lote mtaroni. Nimelisugua kwa sabuni na mchanga, saa nzima. Sasa limepinduliwa linakauka, bluu kama mbingu. Nimemtumia shemeji ujumbe: wiki imekwisha, nipo, jiandae kuomba radhi mbele ya ukoo.

Naandika haya nimekaa juu yake. Nasikia nyayo kwenye kokoto. Mama Mwenyeji huyo anakuja, na kopo la kuchotea mkononi. Nesi yuko nyuma yake. Nesi amesimama. Ameshika kichwa.

Wivu huo! Ngoja nivae suti kavu.