Hakuna Risasi, na Jumamosi Inakuja

Jumatatu, 23 Novemba 2020

Jumamosi msimu wa kulungu unafunguliwa, bonde zima litaingia msituni, na dukani kwangu hakuna risasi hata ya dawa. Bunduki ninazo tele. Lakini tangu gonjwa liingie, watu wananunua risasi utadhani mkate. Nimempigia tena Marcy wa kwa msambazaji. Kasema labda Aprili. Wateja wakivuka barabara kwenda dukani kwa Dwight Kessler wiki hii, hawarudi tena, na duka alilonirithisha baba litafia mikononi mwangu.

Mke wangu Lorna anashauri niwaambie watu ukweli. Mawazo ya mtu asiyejua biashara. Nimetoa maboksi matupu ya risasi stoo, nikayapanga rafuni. Yamependeza kweli.

Jumanne, 24 Novemba

Mzee Enos Brubaker, mteja tangu enzi za baba, kaja mapema. Anataka boksi la risasi za thelathini-thelathini, bunduki yake ya zamani haili kingine. Nikasema zimekwisha. Akanyoosha kidole rafuni. "Si hayo hapo, Verlin?" Nikamwambia hayo yana wenyewe, yamewekewa watu. "Kwani mimi si mtu?" Nikamwahidi lake Ijumaa. Katoka ameridhika.

Kosa. Mzee Enos hunywa kahawa mgahawani na nusu ya mji. Kufika adhuhuri foleni ilikuwa imefika posta, kila mtu anataka naye awekewe. Nimewaahidi wote. Ningefanyaje? Walikuwa wananitazama kwa upendo.

Jumatano, 25 Novemba

Duka kubwa la mjini linapokea mzigo wa risasi leo. Boksi moja kwa kila kichwa, basi. Nikamchukua Lorna na mama mkwe, tukapanga foleni kabla ya jua. Kofia hadi kwenye nyusi, barakoa hadi chini ya macho. Mbele yetu jamaa mmoja kajifunika vilevile, kaja na mkewe na shangazi mwenye mkongojo. Viatu vile navijua. Kessler! Naye kanitambua. Tukaanza kutazama mawingu, kila mtu ya kwake.

Ningesalimika kama si mama mkwe. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo hunong'ona kwa sauti ya mnadani. "Verlin, tunanunua huku kwa nini na wewe una duka? Au yale maboksi bado matupu?" Foleni nzima iligeuka, na nusu yao ni wateja wangu. Kessler alicheka mpaka barakoa ikamdondoka, wakamwona na yeye. Faraja ndogo. Tumepata maboksi matatu, risasi sitini, za aina inayotumiwa na karibu bonde zima.

Alhamisi, 26 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Nimekula bata mzinga bila kujua ninachokula. Kila mtu mezani kataja kitu anachokishukuru. Nimeshukuru kwa afya. Shemeji Curtis akauliza kama nadhani nitakuwa nayo hadi Ijumaa jioni. Sikucheka. Naogopa, kusema kweli. Nilitaka kufunga duka nisingizie gonjwa, nikaanza kuandika tangazo la kubandika mlangoni. Lorna kaninyang'anya kalamu.

Akauliza kibali cha kuwinda kinamruhusu mtu kuua madume wangapi. Mmoja. Basi boksi zima la nini? Tufungue maboksi, tugawe risasi tatu tatu. Nikasema hata duka maskini lina heshima yake. Akaenda jikoni, akarudi na vifuko vya kufungia mikate ya shule.

Ijumaa, 27 Novemba

Wamekuja wote. Nilijikuta na kazi nyingi stoo. Lorna alisimama mbele ya rafu, akawaambia yote, hata habari ya maboksi matupu, kisha akatoa vifuko vya risasi tatu tatu. Nikangoja kelele. Mzee Enos akasema baba yake alikuwa akimpa risasi moja tu, na akikosa hakuna chakula cha jioni. Hapo wakaanza kutaniana. "Curtis mpeni kumi, huyo hulenga mawingu." Mmoja akarudisha moja kwa kujidai. Hakuna aliyevuka barabara.

Jumamosi, 28 Novemba

Jioni Mzee Enos kaleta paja la kulungu. Ametumia risasi moja. Mbili kanirudishia, nimpe asiyebahatika. Kasema mwaka huu amezunguka maduka mengi, wote wanamzungusha, sisi tu ndio tuliomwambia ukweli. Hatahama tena maisha yake yote. "Na mkikosa tena, mwanangu, sema tu. Sisi ni watu wazima."

Machozi yalinilenga. Duka limepona, ingawa Marcy bado anasema Aprili. Nilijawa na furaha hata sikuweza kumwacha mzee wa watu aondoke hivihivi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi kabisa, kuna shehena kubwa imeingia mchana huu, iko stoo. Akauliza aje lini kuchukua. Nikasema Jumatatu, tena aje na wenzake.