Tumbo Lililokataliwa na Kompyuta

"Mmesikia? Kompyuta imelikataa tumbo la Tangi!"

Aliyeleta habari ni Wembe, kinyozi wa jirani, aliyemwacha mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Benchi zima la Mama Kahawa likageuka. Tangi mwenyewe, dereva wa lori, alikuwa amekalia upande wake wa benchi, yaani robo tatu.

"Limekataliwaje?" akauliza. "Kwani liliomba kazi?"

"Muulize Sindano."

Sindano, fundi cherehani, aliinamisha kichwa kwenye kompyuta yake iliyofungwa mpira bawabani. Alikuwa anachora shati ambalo Tangi angevaa kwenye harusi ya bintiye, kwa kutumia programu ya bure ya mafundi nguo. Alipoandika kiuno, sentimita mia moja hamsini na sita, programu ilijibu: Kipimo hiki hakiwezekani.

"Hakiwezekani?" Tangi akalitazama tumbo lake. "Sasa hili nimebeba la nani?"

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Mama Kahawa alicheka pia, lakini mkono wake ulikuwa tayari unamwongezea Tangi kahawa asiyoiomba.

"Kosa si lako, mjomba," Sindano akasema. "Waliweka mwisho mia moja arobaini. Ila programu yenyewe ni huria. Ndani iko wazi, yeyote anasahihisha, anawapelekea wasimamizi wakague. Wakiridhika wanaingiza, na mafundi wote duniani wanaipata. Nimesahihisha. Jana nilituma." Sauti ikamshuka. "Ni mara yangu ya kwanza. Wakinikataa sitajaribu tena, aibu nitaificha wapi?"

"Umeenda peke yako?" Wembe akashika kiuno. "Ugenini, hujulikani, bila hata mtu wa kukusemea?"

"Kaka, kule mambo hayaendi hivyo."

"Mambo yote yanaenda hivyo!"

Mteja akamwita Sindano dukani. Alimpimia mtu sketi, akarudi, akakuta kijiwe kimenyamaza kama watoto waliovunja sahani. Wembe alikuwa anaficha simu.

Sindano akafungua kompyuta. Chini ya kazi yake palikuwa na mistari mipya. Akaisoma kwa sauti, mkono kifuani.

"'Huyu dada namjua, hajawahi kuiba kitambaa cha mtu. Mkimkubali, nyote njooni niwanyoe.' Wembe!"

"Nimeweka na saa za kazi."

"'Mwanangu hali vizuri tangu awatumie. Mpokeeni kwa upole, Mungu awabariki.' Mama, hata wewe?"

"Nilimwambia Wembe anifungulie hiyo akaunti," Mama Kahawa akasema, akifuta benchi lililokuwa safi. "Hukumaliza andazi lako asubuhi, nimeliona."

"'Tumbo lipo. Mimi ndiye mwenye tumbo.'"

Tangi akakohoa. "Nilitaka kuwa mfupi."

Chini kabisa palikuwa na jibu la msimamizi. Sindano akalitafsiri polepole. "Anasema akaunti zimefunguliwa leo, zote zinamsifu mtu mmoja. Anahisi ni roboti. Kawafungia."

"Roboti!" Wembe akaruka. "Mimi na jasho lote hili?"

Lakini Sindano hakucheka, na macho yalikuwa yanamjaa machozi. Mama Kahawa akamsogezea kigoda chake mwenyewe. "Kaa, mwanangu. Hakuna kingine alichosema?"

"Kaniachia swali. Hicho kiuno ni cha mtu kweli, au nacho ni cha kubuni?"

Basi Tangi akainuka. Benchi likapumua, walioko ukingoni wakanusurika kuanguka. Mtu huyu alikuwa anajulikana kwa kukaa. Hata picha za harusi yake amekaa. Akainua mikono kama mtu anayepekuliwa.

"Lete tepu. Pima mbele ya watu, piga na picha."

Wembe, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, akavua koti lake la kazi akaliinua kama pazia upande wa barabara, wapita njia wasione. Sindano akazungusha tepu.

"Mjomba, umebana pumzi."

"Sijabana."

"Umekuwa wa zambarau, mjomba."

"Nikiachia mtakimbia!"

Akaachia. Koti likapepea. Mia moja hamsini na sita, bila kupungua. Sindano akapiga picha, akaandika kwamba wale si roboti, ni majirani zake, wanampenda bila mpango. Akatuma.

Kahawa ya pili ilikuwa haijapoa jibu lilipofika. Sindano akasoma, akasoma tena, kisha akapiga yowe.

"Wameingiza! Kazi yangu imeingia!"

Wembe akamkumbatia Tangi mpaka mikono ilipoishia. Mteja wa nusu kichwa akatoka na shuka shingoni, akacheza bila kujua anachosherehekea.

"Subirini!" Sindano alikuwa analia na kucheka. "Wamekigeuza kipimo cha mjomba kuwa jaribio la kuikagua programu, wakaliita Tangi. Kuanzia leo, atakayebadilisha chochote kwenye programu ile, popote duniani, kazi yake haiingii mpaka ipite Tangi kwanza."

Tangi akaketi taratibu, kama mheshimiwa. Mama Kahawa akamjazia kikombe, akasita na kijiko. "Daktari si alikwambia upunguze sukari?"

"Weka, mama, jaza," Tangi akasema, akilipapasa tumbo. "Nikipungua hata kidogo, mafundi wa dunia nzima watalala njaa."