Jino la Theresia na Wadau Wangu

Jumatatu, 2 Machi 2009

Andika humu daftarini, Agnes. Andika kama ninavyosema, usininyooshee maneno. Mimi Mosi binti Kondo, mkazi wa Bigwa, sikukanyaga darasa hata la ngumbaru, nina blogu! Loo! Tangu mambo yawe ruksa nimeona mengi. Mitumba. Redio kumi na ngapi sijui. Maji ya kunywa yanauzwa kwenye chupa wakati mlima mzima huu unatiririka maji bure. Lakini kikongwe kuwa na blogu! Nasema mimi, anaandika Agnes, mpangaji wangu wa chumba cha uani, karani wa kupiga chapa mjini. Kazini kwao kuna kompyuta. Wenzake wakienda kula yeye ananirusha hewani.

Inaitwa Barazani kwa Bi Mosi. Ina wiki tatu. Nimeshatoa mawaidha kumi na manne: kuishi na mawifi, kuchagua mbegu ya maharage, kwa nini vijana hawaamki. Wasomaji tisa. Leo Agnes amekiri kwamba sita kati yao ni yeye, akifungua kuangalia kama kuna wasomaji.

Sikula vizuri. Nilikula, ila si vizuri.

Jumanne, 3 Machi

Mjini, kwa Erick mwenye kafe ya intaneti. Jibaba zima, kitambi cha kukaa. Nikamuuliza kosa langu liko wapi. Akasoma mawaidha mawili, kwenye la tatu akapiga mwayo nikaona mpaka kimio. Akasema bibi, hapa unahutubia. Wadau (ndivyo wanavyoitwa wasomaji, wadau, kama wana hisa) hawataki kuhutubiwa. Wanataka mtu wa kawaida kama wao, mtu wa kusogelewa. Nikamwambia mimi nasogeleka sana, juzi kwenye ngoma nilisogelewa mpaka nikakosa kiti. Akasema siyo hivyo. Waambie aibu zako. Waambie ulivyoanguka. Mtu akianguka watu wanamsogelea.

Maneno mazito! Tangu alasiri nimekaa kwenye kigoda natafuta aibu zangu. Sina! Miaka sabini na kitu, wallahi, sijaanguka. Au nilianguka hakuna aliyeona, na hiyo haihesabiwi.

Mwenye aibu ni Theresia.

Jumatano, 4 Machi

Nieleze Theresia ni nani, maana daftari hili likikutwa nimeshakufa watu watakuja kuniuliza. Jirani yangu. Kati yetu ua wa minyaa tu. Mnyamwezi wa Tabora, alikuja na mumewe Mikaeli enzi kiwanda kinavuma. Kiwanda kikauzwa, kikafungwa, Mikaeli akatangulia mbele ya haki, Theresia akabaki. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Siku ya kwanza alinitukana kabla hajaniomba chumvi, nikajua nimepata mtu. Miaka thelathini na moja, kila asubuhi, tunaongea juu ya ua. Mume wangu alipofariki, Theresia alivaa koti la marehemu na kofia yake, akapita katikati ya waombolezaji anakohoa vile vile kama yeye, anadai chai haina sukari. Nikacheka. Nilikuwa nimeshaamua sitacheka tena.

Haya. Masika ya mwaka juzi Theresia anashuka mlimani, mkungu wa ndizi kichwani. Utelezi! Akakaa chini bila kupenda. Akateleza kwa makalio shamba la kwanza, la pili, akakata kona, akaja kusimama katikati ya mkutano wa mtaa, miguuni kwa mwenyekiti, mkungu bado uko kichwani! Akasema: Nimefika, mwenyekiti, endeleeni.

Nimemwambia Agnes aandike hivyo hivyo, ila palipo Theresia aweke mimi. Agnes akauliza, na ruhusa? Nikamwambia ni herufi chache tu.

Ijumaa, 6 Machi

Mia mbili na kumi! Wadau mia mbili na kumi! Mmoja yuko Uingereza, amecheka mpaka bosi wake akaja kuona kuna nini. Mwingine ameandika: bibi unatisha. Nikaogopa. Agnes akasema hiyo ni sifa. Mwingine: bibi, nakuona kama bibi yangu mzaa mama. Nikalia kidogo. Namsogelea na ananisogelea!

Asubuhi Theresia akaniuliza juu ya ua mbona meno nje. Nikasema nimeota vizuri. Akanipa mchicha wake, mafungu mawili, akasema nikale nipate damu, nimekauka kama ufagio. Nikapokea. Mchicha mzuri.

Jumatatu, 9 Machi

Wadau wanataka zaidi. Wanauliza bibi, umeanguka tena lini? Nitawaangusha vipi wadau wangu?

Nikatoa la jino.

Hili aliniambia mimi peke yangu, kafunika mdomo kwa kanga, akaniapisha. Siku ya kipaimara cha mjukuu wake anakoroga makande, jino lake la mbele, la kubandika, likatumbukia sufuriani. Akanyamaza! Akapakua! Mzee Hamisi fundi baiskeli akang'ata kitu kigumu, akakitoa, akakitazama. Jino. Akalitia mfuko wa shati, akaaga mapema. Kesho yake kaenda hospitali wamtafutie pengo. Wakamhesabu mara mbili. Meno yote yapo! Tangu hapo anaamini aliota jino la ziada likang'oka lenyewe, na analitunza kwenye kopo la gundi.

Nimesema jino ni langu na sufuria ni yangu. Hamisi nimemwacha Hamisi. Si yeye aliyeniapisha.

Jumanne, 10 Machi

Mia tano sitini! Mdau mmoja mkorofi kasema mbona kwenye picha ya blogu bibi ana meno yote. Nikamwambia Agnes ajibu picha ni ya zamani. Mdau akajibu mbona ukutani kuna kalenda ya mwaka huu. Watu wana macho!

Hilo dogo. Kubwa ni Diana, binti yake Theresia, yuko Dodoma, naye kumbe mdau. Kampigia mama yake simu saa nne asubuhi. Kamuuliza: mama, kwa nini Bi Mosi amevaa jino lako?

Nilikuwa nyuma ya ua, nachuma kisamvu, na simu ya Theresia sauti yake inavuka ua. Kwa kweli kisamvu nilikuwa nacho tayari. Nikasikia Theresia anasema soma tena. Halafu soma na la ndizi. Nikatoa kichwa kumsalimia. Akaniangalia kama naangaliwa na mti.

Jumatano, 11 Machi

Hakuna salamu. Nimesimama kwenye ua tangu kumi na mbili hadi mbili asubuhi. Ametoka, ameamsha kuku, amewasalimia. Mmoja mmoja! Mpaka yule jogoo asiye na mkia kaulizwa ameamkaje. Mimi? Hapana.

Sikujua asubuhi ni ndefu hivi.

Nikampeleka Agnes na hoja yangu: sisi watani, mtani hanuni, mwenye kununa ndiye mwenye kosa. Agnes karudi. Theresia alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za kazini na za yule dereva wa ofisi anayemjia Jumapili, basi.

Alhamisi, 12 Machi

Mbinu ya kwanza. Nikampelekea magimbi kwenye bakuli langu la maua, yamelala ndani ya tui. Hakuna binadamu wa kukataa magimbi yangu. Hakukataa. Alikula.

Bakuli limerudi tupu.

Limeoshwa, limekaushwa, halina kitu! Miaka thelathini na moja bakuli halijavuka ua ule likiwa tupu. Hata mwaka ule wa foleni za unga lilikuwa linarudi na punje za chumvi, na pilipili moja, chochote. Nimekaa nalo mapajani. Wadau mia saba leo. Agnes kanitajia, nikasema sawa.

Nikawaza: nani nitamsimulia kwamba nina wadau mia saba? Wa kumsimulia ni yeye.

Ijumaa, 13 Machi

Mbinu ya pili, kubwa! Nimeomba radhi kwenye blogu. Hadharani! Nimesema mwenye jino ni Theresia. Nimetaja jina la mumewe na la binti yake. Nimesema asichukiwe mtu, na anayetaka kuhakikisha afike Bigwa, apite kisima, nyumba ya pili yenye ua wa minyaa na jogoo asiye na mkia. Agnes akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nina hakika! Radhi ya nusu nusu siiwezi.

Jumamosi, 14 Machi

Wamekuja!

Wanafunzi wa chuo, wanne, na kamera. Hawakuja kwangu mwenye blogu. Wamepita mlangoni kwangu, shikamoo bibi, marahaba, wakaenda kwake. Nikawahi uani, nikachuchumaa. Nikamsikia msichana mmoja, kwa adabu zote: Shikamoo bibi, tumekuja kuona pengo.

Nikafumba macho. Nikasema sasa wanamwagiwa maji ya vyombo.

Halafu Theresia akauliza: pengo la nani? Wakasema lako, bibi, tumesoma. Akasema, lile ambalo Mosi amelivaa mdomoni kwake wiki nzima? Wakacheka. Akacheka! Akawaita wakae. Akafungua mdomo, wakapiga picha. Akasema na la ndizi mnalijua? Akaanza kusimulia.

Jamani, anajua kusimulia yule! Kaonyesha alivyokata kona. Kamwiga mwenyekiti anavyoinua miguu. Msichana kalala kwenye mkeka hoi. Ila kuna mahali kakosea. Kasema alipofika aliwaambia watu samahani kwa kuchelewa. Uongo! Nilivumilia, nikavumilia, nikashindwa. Nikasimama ghafla, majani ya minyaa kichwani, nikapiga kelele: Hukusema hivyo! Ulisema nimefika, mwenyekiti, endeleeni!

Theresia akageuka. Akasema: Nyamaza, mwizi wewe! Nilianguka mimi!

Ameniita mwizi! Ameongea na mimi! Siku ya nne tangu aongee na mimi, na neno la kwanza ni mwizi! Nikajibu mwizi ni wewe uliyemlisha Hamisi jino. Akasema mchawi mkubwa, njoo huku nikuone. Nikapita pale pale kwenye ua, palipokuwa na tundu la kuku, kanga ikabaki. Wale wa kamera wamepiga. Wapige.

Jumapili, 15 Machi

Tumekaa kwake toka asubuhi. Nimempa hoja yangu ya utani. Akasema: sikiliza, Mluguru kichwa jiwe. Mtani anamtania mtu machoni, na anamtaja jina. Ukinicheka, nami nitakucheka. Lakini wewe umechukua maisha yangu ukayavaa. Mimi ndiye niliyeteleza, mimi ndiye niliyeishi na siri ya lile jino miaka miwili nikimwona Hamisi njiani nataka kufa, halafu mtu wa Uingereza anakupenda wewe? Jino hata sijali, angalau ungeniita nije kulisema mwenyewe.

Nikasema ni kweli. Agnes, weka hapo kwamba nilisema ni kweli, maana haijawahi kutokea.

Akanitoza faini ya utani. Jogoo wangu mwekundu, na nikaape mbele ya watu kwamba sitachukua tena kisa cha mtu nikakifanya changu. Na blogu iwe ya wote wawili, yeye siku yake mimi siku yangu. Nikaapa, mkono juu. Mtu aliyeshuhudia ni Mzee Hamisi, ambaye alikuja amevaa suti, kopo la gundi mkononi. Alisoma blogu kwa Erick. Alitoa jino, akalifuta na leso, akasema kwa miaka miwili nilijiona mtu wa pekee, Theresia, na wewe umenirudisha chini. Theresia akapokea, akalisuuza, akalirudisha mahali pake. Halafu tukacheka mpaka Hamisi akaomba kiti.

Bakuli langu limerudi na karanga.

Jumatano, 18 Machi

Siku ya Theresia ilikuwa jana. Alisimulia mimi nilivyopita kwenye tundu la kuku, na kanga, na picha. Wadau elfu moja na mia nne! Wanamwita mama wa taifa la makalio. Asubuhi juu ya ua akaniuliza mbona meno ndani. Nikasema sikuota. Akacheka, akanipa mchicha. Nimefurahi, wallahi, nimefurahi.

Lakini kesho ni siku yangu, na nitawaambia nini? Nimekaa kwenye kigoda tena. Aibu sina. Ya Theresia nimeapa, na kiapo ni kiapo. Sigusi kitu cha Theresia.

Basi andika, Agnes, hii ya kesho. Andika hivi. Wadau wangu, mimi nilipokuwa msichana niliwahi kupendwa na dereva, jina lake Castory. Kila Jumapili anakuja mpaka mlangoni kwangu na gari la ofisi kuniuliza njia ya kwenda Mikese. Mikese! Barabara moja, imenyooka, lami! Namwelekeza, anashukuru, Jumapili ijayo kapotea tena. Na mimi najua kwamba anajua, na bado natoka nje nimejipaka mafuta na hereni namwelekeza kwa mikono miwili, mpaka mwenye nyumba wangu anaona yote dirishani...

Agnes.

Agnes, mbona kalamu imesimama? Nimesema mimi. Weka mimi. Ni herufi chache tu.