W Arobaini za Uani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Ndiyo, waya ni waya! Ndivyo nilivyomjibu shemeji, kaka wa mke wangu, aliponiuliza kama nimesoma kilichoandikwa kwenye ganda. Nani anasoma waya? Yeye fundi umeme, ana cheti, basi anatembea nacho usoni. Eti wenye W unavumilia maji. Wangu hauna, ni wa chumbani, pakavu tu. Ukilowa, ganda linachoka, umeme unatoka kutembea. Mimi nimeupata nusu bei. Sirudishi!

Mama mkwe anafua nguo za watu uani, anataka mashine ipate umeme. Mke wangu yuko kwake wiki ya tatu akimsaidia kufua, tangu nilipouza kitanda chetu ili ninunue kikubwa zaidi. Mama kasema nikifunga umeme bila kumrusha mtu, nimchukue mke wangu. Kazi kanipa mimi, si mwanawe. Ndicho kinachomuuma.

Jumanne, 4 Machi
Nikasema nitaupitisha kwenye bomba la plastiki, yaishe. Wapi! Shemeji kasema bomba la nje hukusanya maji kwa ndani, napo ni mahali pa maji. Huyu hata jangwani ataona dimbwi. Tena kamwambia mama asikubali waya usio na W. Mchongezi mkubwa.

Jumatano, 5 Machi
Wanataka W? Nimewapa arobaini, kwa kalamu nene ya wino mweusi. Vidole vimekufa ganzi. Mama mkwe kavaa miwani, kasoma moja moja, kasema ahsante baba. Mke wangu kaanza kukunja nguo zake. Shemeji kanuna. Raha!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nimeshafunga kila kitu, begi la mke wangu liko mlangoni, bado kuwasha tu. Mama mkwe kaona waya una vumbi. Kachukua kitambaa cheupe chenye sabuni, kaufuta kuanzia soketi hadi kwenye bomba. Nani anaosha waya? Kitambaa kikawa cheusi. Akakitazama, akanitazama mimi.

"Baba, nimefua miaka thelathini. Wino wa kiwandani hautoki hivi. Huu ni wa jana."

Shemeji kacheka kwa mabega tu, mshenzi! Kisha kaung'oa waya wangu, kaweka wake. Mke wangu karudisha begi ndani. Kabla ya kufunga mlango kaniuliza kwa sauti ya chini kama nilijua kwamba wa kwanza kuigusa mashine ile kwa mikono iliyolowa angekuwa yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekaa, nimefikiri, nimegundua kosa langu. Kalamu! Rangi ya kucha haitoki kwa sabuni.

Sasa wewe uliyefungua daftari hili bila kuombwa, tuelewane. Bunda la waya lipo, nusu bei, na herufi yoyote unayoitaka naandika bure. Kazi yako ni moja: mwambie mke wangu kwamba wewe ni mteja wangu na umeridhika.

Ila usiuoshe.