Sahihisho Katika Kundi la Mazishi

Jumapili, 19 Tir

Kifle kafanya tena! Katibu mzima wa idir yetu, chama chenye kazi moja tu ya kuzikana, kaandika kwenye kundi la simu kwamba kesho kila nyumba ipeleke vita msibani. Viti, bwana, viti! Anasema simu inajiandikia yenyewe. Mwongo. Mvivu wa kusoma alichoandika. Mimi nimesoma prufu kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu mpaka macho yakaingia ndani, sijawahi kupitisha aibu kama hii. Nikamsahihisha palepale, mbele ya kundi zima. Akanijibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba!

Uchaguzi wa katibu ni mwisho wa mwezi huu wa Tir. Lazima nishinde. Mama yuko chumba cha ndani, hali inashuka kila siku, na siku ikifika ni katibu atakayeandika tangazo lake. Ndugu hatuna. Wa kumzika ni idir tu: hema lao, sufuria zao, mabega yao. Sitaki Mama aende kaburini na jina lililokosewa.

Jumatatu, 20 Tir

Nina mpango. Kundini wamo wazee watupu, na wazee wanampenda Kifle kwa sababu anawachekesha. Basi leo nimeingiza vijana. Mwenyekiti, mzee Wubshet ambaye sote tunamwita Gashe kwa heshima, hajui mambo ya simu, kazi ya kuingiza watu aliniachia mimi zamani. Kura ni kura.

Wa kwanza ni Etagegn, binti pekee wa mzee Gizaw. Baba yake kalazwa hospitali, nikamwambia humu atapata msaada upesi. Akanishukuru, maskini, na kahawa akaninywesha. Kifle alipomwona kundini akamkaribisha kwa picha ya ua. Ua si salamu. Nimemwambia hivyo.

Jumatano, 22 Tir

Siku mbaya.

Mchana jirani yangu, mlinzi wa hospitali, kaninong'oneza kwamba mzee Gizaw amefariki. Punde tu Kifle kaandika kundini: mzee Gizaw amezidiwa, wazee tukutane kanisani kesho alfajiri. Nilicheka peke yangu. Amezidiwa! Maiti inazidiwaje? Hii nafasi sikuiacha. Nikaandika: "Sahihisho. Si amezidiwa, ni amefariki. Katibu asome kabla ya kutuma." Nikakaa kusubiri sifa.

Sifa hazikuja. Alipiga simu Gashe Wubshet. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Shimelis, yule mtoto wa Gizaw yumo kundini. Ni wewe uliyemwingiza."

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa peke yake. Hata mtoto anajua. Wazee huenda alfajiri, wengi, humzunguka mfiwa, humshika mikono huku na huku, ndipo mmoja wao hufungua kinywa. Kifle hakukosea hata herufi. Alikuwa anamtafutia Etagegn usiku mmoja zaidi wa kuwa na baba.

Kasoma akiwa jikoni, anapika shiro, rojo ya unga wa dengu, ya kumpelekea mzee hospitali. Majirani walisikia ukelele wakavunja mlango. Walimkuta chini, sufuria imemmwagikia, mkono wa kulia umeungua vibaya.

Roho inaniuma. Inaniuma kweli. Ingawa neno, kama neno, lilikuwa sahihi.

Alhamisi, 23 Tir

Tumemzika mzee Gizaw. Hakuna aliyesimama karibu nami. Hata mlinzi alihama upande.

Nikaona dawa ni kuomba radhi kwa maandishi, mapema, kabla wazee hawajakaa kikao. Nikakaa nyuma ya hema, nikaandika upesi, nikatuma. Nilianza neno pole, simu ikamalizia yenyewe inavyotaka. Kundi zima likasoma kwamba mimi, Shimelis, nampa Etagegn pongezi kwa kifo cha baba yake.

Nimewaeleza ni simu. Naapa ni simu! Nani ataniamini? Kifle hakusahihisha. Aliufuta tu ule ujumbe, akaenda kukaza kamba za hema. Laiti angenitukana.

Jumamosi, 25 Tir

Wazee wamekaa. Nusu yao walitaka nifukuzwe leo leo. Mmoja kasema mimi nina elimu ya kalamu lakini utu nimeuacha kiwandani. Aliyenitetea ni nani? Kifle! Kawaambia nina mama anayeumwa, tukimfukuza huyu bwege, bibi wa watu atazikwa na nani? Nilitamani ardhi inimeze. Na bwege ndilo neno alilotumia.

Hukumu: kama ilivyo desturi yetu ya kuomba radhi, nibebe jiwe shingoni mpaka kwa mfiwa, niiname hadi aseme nimesamehe. Na kundini nisiandike tena kitu chochote, hata salamu. Nikikiuka, mimi na nyumba yangu nje.

Nikatafuta jiwe. Mgongo wangu si wa kijana, basi nikachukua lile jekundu la volkano, lenye matundu, kubwa kwa macho na jepesi kama mkate. Gashe Wubshet akalinyanyua kwa vidole viwili mbele ya watu. Akaniletea jingine.

Nilifika hemani jasho linatiririka, nikainama. Nilichoona ni miguu ya watu tu. Nilihisi shingo itakatika. Kisha sauti ya Etagegn, ndogo, imekauka.

"Tua jiwe, Gashe Shimelis. Nimekusamehe kwa ajili ya mama yako."

Nikalia. Mbele ya Kifle na wote. Mkono wa yule binti umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, na bado alisema niletewe maji.

Jumatatu, 27 Tir

Asubuhi Etagegn katuma shukrani kundini. Kaandika kwa mkono wa kushoto, simu nayo ikimsaidia inavyojua. Maneno yamegandana. Nukta hakuna. Na jina la baba yake, jina la marehemu, lina herufi moja pungufu.

Nilijizuia, Mungu shahidi. Nilifua. Nilimlisha Mama uji. Nikaifungia simu kabatini. Lakini jina la marehemu, jamani! Kumheshimu mtu si ndiko huko? Nikaitoa simu. Nikaandika sahihisho moja dogo, la upole, bila hata kumtaja aliyekosea.

Nimetolewa kundini kabla sijaiweka chini.

Jioni mlinzi kaleta barua ya kufukuzwa, imeandikwa na Kifle. Hakuingia ndani. Mama kasikia hodi, akauliza kama ni watu wa idir wamekuja kumjulia hali. Nikasema ndiyo, wanakusalimu. Akafurahi. Akasema anajua wakati ukifika hawatamwacha.

Nimeisoma barua. Aibu tupu! Tarehe imekosewa, jina langu limekosewa, mkato umewekwa pasipotakiwa mkato. Naisahihisha kwa wino mwekundu, na kesho alfajiri nakwenda kuibandika mlangoni pa ghala la idir, kila mtu aone wamemchagua katibu wa namna gani. Mama ananiita toka muda. Namalizia ukurasa wa pili, ndipo niende.