Nyamizi Ilikuwa Nafasi Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimeporwa. Mchana kweupe, mbele ya wapiga ngoma sita!

Miezi minne nafanya mazoezi ya Nyamizi, mke wa mpagazi anayeufuata msafara wa pembe kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, huku akiimba njia nzima. Nyimbo kumi na moja. Nazijua zote, hata za wanaume. Mwalimu Raymundi, mkuu wa kikundi chetu na mtunzi wa mchezo, aliniambia kwa mdomo wake kwamba Nyamizi ni mimi. Leo kaingia ukumbini na mwanamke aliyevaa miwani ya jua, akasema huyu ni Kidawa, tumpigie makofi, yeye ndiye Nyamizi. Mimi nihamie kundi la wapagazi. Nibebe mzigo!

Ndiyo, Kidawa yule yule wa bongo fleva. Miaka kumi iliyopita hukuweza kununua hata kiberiti bila kusikia wimbo wake dukani. Sasa muziki umemwishia, eti kageukia maigizo ya kuimba. Na mimi je? Mimi niliacha muziki kabla yake! "Nisubiri Isevya" yangu ilipigwa redio ya hapa wiki tatu mfululizo. Nikapanda jukwaani kwa hiari yangu, sikufukuzwa na mashabiki.

Dada Koleta, ninayeishi kwake, kasema nina wivu. Sina wivu. Nina haki.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango: nimtukane mpaka apande basi arudi Dar. Mastaa hawajazoea kutukanwa. Nikabeba na chupa ya asali ya msituni nimlainishe Mwalimu.

Katikati ya mazoezi nikaweka mzigo chini. Nikamwambia Kidawa ana sauti ya mlango wa stoo, na kwamba akijitwika furushi, wigi lake litafika Bagamoyo kabla yake. Mabruki, mpiga ngoma mkuu, akaacha kupiga.

Kidawa akavua miwani. Akauliza mimi kabila gani. Nikajibu kwa kiburi, Mnyamwezi, baba na mama. Yule mwanamke akapiga kelele za furaha! Kumbe Mzaramo wa Kisarawe. Mtani wetu wa jadi, anayetukana na kutukanwa bila kukasirika! Akasema babu zangu walikuwa wakipita kwao na mizigo wananuka jasho, na kwamba amenitambua kwa harufu. Ukumbi mzima hoi. Akanikumbatia. Akanyakua asali yangu akanywa pale pale, kwa kuwa mtani haombi.

Halafu akaimba. Asali ya kwetu inafungua koo. Aliimba vizuri, mshenzi yule.

Alhamisi, 7 Agosti

Sina pa kushika. Kila tusi langu linahesabiwa utani. Nimemwambia hajui kuigiza, watu wamecheka. Nimemwambia amezeeka, akadai nimwamkie shikamoo. Kanizidi miaka miwili! Tena leo kavaa kitenge changu kipya cha maua ya njano. Alikitoa kwenye mfuko wangu huku namwangalia. Nikinuna, mimi ndiye sina adabu.

Mabruki kasema hajaona utani mtamu hivi tangu msiba wa babu yake, watani walipoingia kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe kuku. Nikamwambia huu si utani, namchukia kweli. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango mpya. Nimeacha Unyamwezi.

Nimetangaza ukumbini kwamba bibi yangu mzaa mama alikuwa Mrundi wa Ulyankulu, kwa hiyo mimi na Kidawa hatuna utani wowote, na matusi yangu yote kuanzia Jumanne yahesabiwe kuwa ya kweli. Nilisema kwa upole na kwa utaratibu. Mwalimu Raymundi ilibidi akae chini kwa kicheko.

Ningeshinda, ila dada Koleta alikuwa mlangoni anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Akapaza sauti kwamba bibi yetu alizaliwa Nzega, akaolewa Nzega, akazikwa Nzega, na Ulyankulu hakuwahi kufika hata kwa harusi. Ndugu wa tumbo moja! Kidawa akamnunulia kila mtu michembe kusherehekea kurudi kwangu kwenye kabila.

Jumatano, 13 Agosti

Nimewahi kufika ukumbini. Nikasikia mtu anaimba nyuma ya jengo, peke yake. Ubeti wa tatu wa wimbo mkubwa, pale Nyamizi anapoachana na mumewe. Ile noti ya juu. Ikakatika. Akarudia. Ikakatika. Nimehesabu mara ishirini na tatu, nimesimama kwenye vumbi na mzigo wangu kichwani. Sauti ya Kidawa imechoka. Kweli imechoka.

Nilitakiwa kufurahi. Nimefurahi kidogo tu, sijui kwa nini. Labda njaa.

Hata hivyo mpango umejileta wenyewe. Jumamosi, kwenye onyesho la kwanza, mbele ya watu, noti ikikatika, nitamzomea. Watu watanifuata. Atashuka, nitapanda.

Jumamosi, 16 Agosti

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Wengine wametoka Nzega na Igunga, wamekuja kumwona yeye. Yeye! Naona wivu. Haya, nimeandika. Nimeona wivu mpaka meno yananiuma.

Ubeti wa tatu. Noti ikaja. Ikakatika kama nilivyotaka. Ukumbi mzima ukanyamaza ule unyamavu wa huruma. Nikatupa furushi, nikajitokeza mbele, nikampigia kelele kwamba Mzaramo hata kulia hajui, apishe nimwonyeshe!

Nikangoja wazomee. Wakalipuka kwa kicheko! Kidawa akageuka, uso umelowa, akanijibu kwa kuimba: Wanyamwezi mlibeba pembe, mlibeba chumvi, aibu mkaisahau njiani. Nikamjibu kwa kuimba, ningefanyaje? Akarudisha. Mabruki akabadilisha mdundo bila kuulizwa. Nikaipiga ile noti ya juu mimi, kumwaibisha. Akaniachia, akaimba chini yake. Jamani, sauti zetu zilikaa pamoja! Kina mama wakapiga vigelegele, watu wakasimama.

Nyuma ya pazia Kidawa akalia. Amekaa juu ya furushi langu, wigi mkononi. Akasema tangu muziki wake ufe watu wanaongea naye kwa sauti ya chini kama wako hospitali. Wote wanamwonea huruma, hata Mwalimu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuja msibani kwake kama mtani, nikamtukana kama mtu mzima aliye hai. Akasema ahsante.

Nikamwambia arudishe kitenge changu.

Jumapili, 17 Agosti

Mwalimu Raymundi kaja nyumbani baada ya misa. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa tabasamu ambalo silipendi. Kasema mchezo unakwenda kuonyeshwa njia yote ya msafara: Dodoma, Morogoro, Bagamoyo. Na ameniandikia nafasi kubwa, ya pili baada ya Nyamizi. Nitakuwa mtani anayemtukana njia nzima, na noti ya juu ni yangu.

Nikauliza huyo mtani ni nani. Kasema kwa vile Nyamizi ni Mnyamwezi, mtani wake lazima awe Mzaramo.

Mimi! Niwe Mzaramo! Koleta kaangukia ukutani kwa kucheka.

Nimekubali. Kwa masikitiko.

Jumatatu, 18 Agosti

Mabango yametoka. Nimepima kwa vidole vyangu. Jina la Kidawa vidole vinne, langu vidole vitatu. Wizi mtupu!

Nimetafakari pia yale machozi ya juzi. Yalikuwa mbinu. Alilia ili nimhurumie nilegee. Machozi hata mimi ninayo. Nimefanya mazoezi na kitunguu jikoni mpaka Koleta kanifukuza.

Mpango wa Dodoma uko tayari. Wagogo nao ni watani zetu, watakuwa upande wangu. Pale nitamwangusha, jina langu lifike vidole vitano.

Begi nimeshafunga. Chupa mbili za asali. Moja yangu, nimeificha chini ya viatu. Ya pili nimeiweka juu kabisa, pembeni, mahali ambapo mwizi yeyote wa Kizaramo ataiona bila kutafuta. Si kwa upendo! Koo lake likikauka, nani atanijibu ubeti wa tatu?

Kile kitenge hajarudisha. Nimemnunulia na mkanda wake, maana bila mkanda hakimkai vizuri, ananiaibisha. Namchukia sana yule mwanamke.