Gari la Mahari Lililotoa Maziwa ya Pinki

Kisesa, Magu
Jumanne, 10 Februari 2026

Kwa Mkwe wangu, Mzee Malimi,
Busisi, ng'ambo ya daraja.

Mkwe wangu mheshimiwa,

YAH: GARI LA MAHARI KUFA GIA BOKSI, NA SABABU ZA SABINA KUTORUDI HUKO

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta umeshakunywa chai, maana si barua ya kusomwa na mtu mwenye njaa.

Ujumbe wako wa simu wa Jumapili niliupata. Uliuliza kwa upole mkamwana wako Sabina anarudi lini, kwa kuwa aliaga anakuja kunitengenezea gari kwa wiki moja na sasa tunaingia ya sita, na mumewe Masalu ameanza kujipikia. Swali lako ni fupi lakini jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Nilikuwa bwana mifugo wa serikali kwa miaka thelathini na miwili, na sijawahi kutoa taarifa ya kifo cha mnyama kwa ujumbe wa simu. Nitaandika inavyopaswa, kwa namba.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Masalu alipomposa binti yangu, tulikubaliana ng'ombe kumi na wawili. Mlileta saba waliotembea kwa miguu yao, na badala ya watano waliobaki mkaleta gari moja la otomatiki, rangi ya fedha, viti saba. Mlisema mzee kama mimi hawezi kwenda kuwaona wajukuu akiwa amepanda ng'ombe. Nilikubali. Gari liliingia uani kwa vigelegele, na mke wangu Wilhelmina akalifunga kitenge.

Sasa, mkwe, desturi yetu unaijua kuliko hata mimi. Ng'ombe wa mahari akifa kabla ya kumaliza miaka miwili katika zizi la mpokeaji, mtoaji huleta mwingine, mradi apelekewe ngozi aione kwa macho yake. Gari lililetwa Julai 2024. Limekufa Januari 2026. Kalenda ndiyo inayosema hivyo, mimi nimesoma tu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mgonjwa hakutangazwa. Mwezi wa kumi na moja nilianza kuona kwamba nikiweka gia asubuhi, gari linafikiri kwanza. Nilihesabu hadi tano, baadaye hadi kumi na mbili. Ukilifikisha kwenye mlima, injini inapiga kelele kama inapandisha na gari lenyewe limesimama. Nilidhani ni uchovu, kwa hiyo nilikuwa nalipumzisha chini ya kivuli siku mbili kwa wiki, kama ambavyo ningemshauri mfugaji yeyote. Halikupata nafuu.

2. Aibu. Ijumaa ya tarehe 2 Januari nilikuwa naelekea mnadani. Palepale barabarani, mbele ya watu walionijua tangu nikiwachanjia ng'ombe zao, gari liligoma. Nilikanyaga mafuta, likanguruma, halikusogea hata hatua moja. Kundi la ng'ombe wa mnadani likanipita upande wa kushoto. Mwenye kundi alikuwa mteja wangu wa zamani. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba kupitia dirisha, kisha akaniuliza kwa adabu zote kama ningependa aniazime maksai wawili.

Nilipenda. Mkwe, gari ulilolileta mahali pa ng'ombe watano lilirudishwa nyumbani kwangu na ng'ombe wawili. Tangu siku hiyo Kisesa nzima inaniuliza hali ya maksai, hakuna anayeuliza hali ya gari.

3. Maziwa. Jioni hiyo nilifungua boneti na kuvuta kijiti cha kupimia oili ya gia boksi. Oili hiyo hutakiwa kuwa nyekundu na ya kung'aa. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha pinki, chenye povu, sawasawa na yale maziwa ya mgando ya rangi yanayouzwa madukani kwa ajili ya watoto. Kwa uzoefu wangu, maziwa yenye damu ni ugonjwa wa kiwele. Niliandika hivyo kwenye daftari, kisha nikampigia Sabina na kumsomea.

Nadhani Sabina aliondoa simu sikioni ili acheke. Kesho kutwa yake akafunga gereji yake huko Busisi akaja na spana zote. Alinieleza vizuri, na nakueleza wewe kama alivyonieleza. Ndani ya rejeta, yaani lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, kuna bomba dogo ambalo oili ya gia boksi hupitia ili nayo ipoe. Maji yako nje ya bomba, oili iko ndani, na ukuta kati yao ni mwembamba. Bomba likitoboka wanachanganyikana, na maji yanaingia kwenye gia boksi, mahali ambapo hata tone moja halikaribishwi.

Yeye mwenyewe alilikata lile tangi akanionyesha. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu hadi likawa na matundu. Na bomba halijiozeshi lenyewe, mkwe. Kwa hiyo nathibitisha kwamba mlinikabidhi mnyama mwenye ugonjwa tumboni.

Tulipeleka rejeta hiyo mjini kwa Bwana Kishore, muuza spea, ambaye hata baba yake alikuwa muuza spea. Alimulika ndani kwa tochi, akatikisa kichwa, akaniuliza swali moja. Swali hilo halihusiani na malalamiko haya, kwa hiyo sitaliandika. Tukanunua rejeta nyingine.

4. Kuimba. Hapa naomba usome polepole. Sabina ameshusha gia boksi chini, ameifungua juu ya turubai, na kwa muda wote huo anaimba. Anazifuta zile pleti za ndani moja moja, zilizovimba na kubanduka gundi kwa sababu ya maji, anaimba. Anang'oa sili zote, zile raba za kuzuia oili isivuje, na kuweka mpya, anaimba. Mimi kazi yangu ni kushika tochi. Wilhelmina anatuletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga pale pale kwenye turubai, na anakaa kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Tangu tulipompeleka kwako, nyumba hii ilikuwa na sauti ya redio tu. Nilikuwa naamka alfajiri, nawalisha kuku, kisha nakaa. Mke wangu naye alikuwa anakaa, upande wa pili. Katika mazungumzo ya mahari tulitaja mifugo, mablanketi, jembe na vitenge vya shangazi zake. Hakuna aliyetaja kuimba. Nimerudia kumbukumbu za kikao, maana nilikuwa katibu wa upande wetu, na neno hilo halimo. Kwa hiyo upande wenu mliondoka na kitu ambacho hakikujadiliwa.

5. Haraka ya fundi. Nalalamika pia kwamba Sabina anafanya kazi upesi mno. Wiki ya tatu gia boksi ilikuwa imesharudi mahali pake. Akaanza kuisafisha: anajaza oili mpya, anawasha injini kidogo, anamwaga, anaangalia rangi. Mara ya kwanza ilitoka pinki. Mara ya pili ilitoka pinki iliyopauka. Nilimshauri, kama mtaalamu, kwamba mnyama aliyefanyiwa upasuaji mkubwa asikimbizwe, na kati ya kumwaga na kujaza upite muda wa kutosha. Nilipendekeza siku tisa. Alinitazama, lakini alinitii. Hii ndiyo sababu ya wiki ya nne na ya tano, ukitaka kujua.

6. Uangalizi. Hata oili ikitoka nyekundu, nani atamwangalia mgonjwa? Mimi najua ng'ombe. Hapa Kisesa wapo mafundi, ila hakuna aliyeifungua gia boksi hii na kuiona moyoni. Daktari hamwachi mgonjwa akiwa mahututi. Naomba basi Sabina ahamishiwe Kisesa moja kwa moja, kwa maslahi ya gari.

7. Masalu. Utasema mume atabaki peke yake. Nimelifikiria. Masalu ni mshonaji, na watu wa Kisesa nao huvaa nguo. Kila Jumamosi anakuja hapa, anakula samaki wawili wa sato, anarudi Jumapili akiwa na huzuni. Aje na cherehani yake. Chumba cha barabarani nimeshakifagia.

8. Wewe na mama Masalu. Utasema basi wazee mtabaki wapweke. Hapo mkwe umegusa kiini cha jambo, na hakuna anayejua uchungu huo kuliko mimi. Njooni nanyi. Mje na kuku wenu. Zamani ungeweza kusingizia foleni ya kivuko, nami ningekuelewa, lakini sasa daraja lipo, na mtu anavuka ziwa kabla hajamaliza kusimulia alichoota. Huna kisingizio.

Kwa ufupi, nadai mojawapo kati ya haya: gari zima lenye gia boksi isiyonyonyesha, au ng'ombe watano, au ninyi nyote. La tatu ndilo rahisi kwangu. Pamoja na barua hii utapokea chupa ya yale maziwa, ambayo ndiyo ngozi ya marehemu. Usiifungue, na usiiweke karibu na mbuzi.

Msalimie sana mama Masalu. Wasalimie jirani zako wa mkono wa kulia, wale waliocheza ngoma vizuri siku ya harusi, na wa mkono wa kushoto pia, ingawa walikula zaidi ya walivyocheza. Wape pole wateja wa Sabina ambao magari yao yanamngoja huko gerejini. Waambie na mimi nilingoja.

Wako katika ukwe, na katika ubishi usio na chuki,

Yakobo Luhende,
Bwana Mifugo (Mstaafu).

Nakala: Mshenga wetu, kwa taarifa.
Bwana Kishore, muuza spea, kwa taarifa tu, bila kuongeza neno.

NYONGEZA, Ijumaa jioni, tarehe 13.

Mkwe, barua ilikuwa tayari ndani ya bahasha. Sabina alikuwa anatafuta karatasi ya kuwekea nati, akaiona, akaisoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye mistari ya Bwana Kishore akarudia lile swali, neno kwa neno: je, kwenye rejeta huwa naweka maji gani?

Nimekuwa mtumishi wa serikali, siwezi kutoa taarifa ya uongo nikiulizwa moja kwa moja. Siku ya pili baada ya gari kuletwa, mbuzi wa Wilhelmina, ambaye habanduki uvunguni mwa kila kitu, alikuwa analamba tone la maji ya kijani chini ya injini. Niliyanusa. Yana harufu tamu. Maji hayo nayajua, mkwe. Kazini nimezika mbwa watatu na ndama mmoja kwa sababu yake, wote walikufa figo. Siku hiyohiyo niliyatoa yote kwenye rejeta, nikachimba shimo refu, nikayafukia. Tangu hapo gari lilikuwa linakunywa maji ya ziwa. Kila nikienda mjini nilikuwa najaza dumu ufukweni pale Igogo, nalinywesha kama mnyama mwingine yeyote wa nyumba hii. Mbuzi yuko hai, na amezaa mapacha.

Sabina alikaa chini juu ya ndoo. Akanieleza kwamba yale maji ya kijani hayapozi tu, yana dawa ya kuzuia kutu, na kwamba maji yangu ya ziwa ndiyo yaliyolila lile bomba taratibu kwa mwaka mmoja na nusu. Mlinikabidhi mnyama mzima. Mimi ndiye niliyemuua, kwa kumnywesha.

Kwa desturi, ng'ombe akifa kwa mkono wa mpokeaji harudishiwi mwingine. Mpokeaji huenda mwenyewe kuomba radhi. Kwa hiyo nafuta namba 1, 2, 3, 5, 6, 7 na 8. Namba 4 naisimamia.

Leo asubuhi amemwaga oili kwa mara ya nne, ikatoka nyekundu. Amejaza, amewasha, ameweka gia, na gari limeondoka bila kufikiri. Rejeta mpya imewekwa maji ya kijani, na mbuzi amejengewa banda. Kesho Sabina anarudi kwake. Anataka niendeshe mimi, ili yeye asikilize gia boksi njiani. Wilhelmina ameshapakia michembe na mto wangu wa kulalia.

Ametoa sharti kwamba niwe naleta gari Busisi kila mwezi ayakague maji. Niliuliza kama kila wiki mbili ni vibaya. Akasema mgonjwa aliyepona hana haja ya daktari mara mbili kwa mwezi. Halafu akachukua daftari langu, akaandika kila wiki mbili.

Adhabu nayo ameitoa. Barua hii haipelekwi na mtu mwingine. Nitakukabidhi mwenyewe mkononi, na nitasimama hapo wakati wote unapoisoma, bila kusema neno. Kwa hiyo mkwe, ukifika mstari huu, inua macho. Ni mimi niliye mbele yako. Chai bado sijanywa.